Pumzi Zinazohesabiwa, Mtoto Asiyekumbukwa

Kila mhudumu wa zahanati nchini anaujua utaratibu huu. Mtoto anayekohoa hupakatwa na mama yake, nguo hufunuliwa kifuani, na pumzi zake huhesabiwa kwa dakika moja nzima. Zikifika 60 kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 kwa yule ambaye hajatimiza mwaka, au 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, mhudumu hushuku nimonia. Hahitaji picha ya eksirei wala maabara. Katika kata kama Masukulu, wilayani Rungwe, ambako mvua ni nyingi na moto wa kuni huwaka ndani ya nyumba wakati wa baridi, dakika hiyo moja inaweza kuwa mpaka kati ya uhai na kifo.

Utaratibu huu una historia, na Tanzania imo ndani yake. Mwaka 1984 daktari Frank Shann na wenzake, waliofanya kazi Goroka, Papua New Guinea, walionyesha kwamba kasi ya pumzi na kubonyea kwa kifua vingeweza kumtenga mtoto mwenye nimonia na yule mwenye mafua tu. Mwaka 1986 Mtango na Neuvians walichapisha matokeo ya kazi yao wilayani Bagamoyo. Wahudumu wa vijijini walipita nyumba kwa nyumba, wakawafundisha wazazi dalili na kuwatibu watoto kwa dawa ya kotrimoksazoli. Katika miaka miwili, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka takribani 40 hadi 29 kwa kila watoto 1,000 kwa mwaka. Baadaye, mwongozo wa kutibu magonjwa ya utotoni kwa pamoja ulijaribiwa Morogoro Vijijini na Rufiji, na tathmini iliyochapishwa 2004 ilikuta vifo vya watoto huko vikiwa pungufu kwa asilimia 13 kuliko katika wilaya jirani zilizolinganishwa nazo. Chanjo dhidi ya vijidudu viwili vikuu vya nimonia zilifuata, moja 2009 na nyingine 2013.

Haya ni mafanikio ya kujivunia. Hata hivyo, hesabu ya pumzi hujibu swali moja tu: je, mtoto huyu anaumwa mapafu leo? Haiulizi kama aliumwa mwezi uliopita, na mwezi uliotangulia huo.

Wazee wa Rungwe waliuliza swali hilo la pili kwa namna yao. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia walioishi miongoni mwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliandika juu ya imani ya “pumzi ya watu”: manung'uniko ya majirani waliokosewa yaliaminiwa kuleta baridi na homa katika nyumba ya mkosaji. Chanzo walichokitaja hatuwezi kukikubali. Lakini tuone kilichofuata: ugonjwa ulipoingia nyumbani, watu waliketi na kuirejea historia ya nyumba hiyo. Walitaka kujua kwa nini ni mtoto huyu, na kwa nini tena.

Mwaka huohuo wa 1938, jijini New York, daktari Dorothy Andersen alitumia kumbukumbu kwa njia ya kisayansi. Alikusanya taarifa za watoto 49, wengi wao wakiwa wamekwisha kufa, ambao wangeweza kuhesabiwa kila mmoja peke yake kama mgonjwa wa tumbo au wa mapafu. Alipoziweka pamoja aliona ugonjwa mmoja, unaoitwa leo sistiki fibrosisi. Ni ugonjwa wa kurithi: makohozi huwa mazito mno, vijidudu hufanya makazi mapafuni, na jasho huwa na chumvi kupita kawaida. Jeni yake iligunduliwa 1989. Huko Copenhagen, tangu miaka ya 1970, watoto wenye ugonjwa huu wamekuwa wakipimwa makohozi kila mwezi, hata wakiwa hawajisikii vibaya, ili kijidudu hatari cha sudomonasi kikamatwe kabla hakijajikita.

Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti wa miaka ya 1990 huko Afrika Kusini uliithibitisha jeni yenye kasoro hiyo kwa wagonjwa weusi. Ni kweli kwamba kwetu ugonjwa huu ni adimu. Mtoto anayerudi na nimonia mara kwa mara ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kifua kikuu, VVU, pumu, selimundu au tundu kwenye moyo. Lakini yote hayo, pamoja na huo ulio adimu, hufichuliwa na jambo moja: mtu kutambua kwamba mtoto amerudi.

Hapo ndipo mfumo wetu unapopwaya. Ripoti ya MTUHA hujumlisha wagonjwa wa mwezi kwa ugonjwa na kwa umri. Mtoto aliyeugua mara nne kwa mwaka huonekana wilayani kama nimonia nne, na kama alipona kila mara, kama ushindi mara nne. Maelezo ya matibabu yake hubaki katika daftari la shule ambalo mama alilinunua dukani, nalo likilowa au kupotea, historia ya mapafu ya mwanawe hupotea nalo.

Dawa ya jambo hili haihitaji mashine. Kila mama ana kadi ya kliniki, naye huitunza kuliko karatasi nyingine yoyote ya nyumbani. Tuweke humo mistari michache: tarehe ya kila nimonia, pumzi zilizohesabiwa, dawa iliyotolewa. Mstari wa pili ukijazwa ndani ya mwaka mmoja, mtoto apelekwe hospitali ya wilaya pale Makandana, Tukuyu, na ikibidi hospitali ya rufaa Mbeya, akiwa na historia yake mkononi.

Bagamoyo ilitufundisha kuhesabu. Kazi iliyobaki kwa watumishi wa umma wa kizazi hiki ni kukumbuka, kwa kuwa mtoto wa Masukulu anayepumua kwa shida kwa mara ya nne si mgonjwa mpya.