Maji Ndani ya Chuma: Dabi ya Kugongana na Ndoto ya Gari Lisilokunjika

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni nilipokutana na Tom Wolfe. Nilikuwa natafuta kitabu kingine kabisa kwa ajili ya semina, nikakuta mkusanyiko wake wa insha wa mwaka 1965, ule wenye jina refu ambalo kulitamka tu ni mtihani. Ndani yake kuna insha iitwayo "Clean Fun at Riverhead". Inahusu mchezo wa Long Island, New York, ambako watu wanalipa kiingilio kutazama magari makuukuu yakigongana kwa makusudi mpaka libaki moja tu linalotembea. Mimi nimekulia kwenye gereji ya baba mdogo, ambako kazi ya siku nzima ni kunyoosha kile ambacho ajali imekunja. Nilisoma nikicheka na kukereka kwa pamoja. Yaani watu wanatoa hela zao kutazama hasara?

(Ukinitajia dabi mimi najua Simba na Yanga. Hii ni dabi nyingine.)

Wolfe alivutiwa na watu: kelele za jukwaani, vijana wanaoendesha, na kile alichokiona kuwa ni ndugu wa mapambano ya kale ya Warumi. Ni insha tamu, isomeni. Mimi kilichonishika, labda kwa sababu ya gereji ile, ni swali ambalo halikumshughulisha: chuma kinakunjikaje, na nani alijaribu kukizuia kisikunjike?

Anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi ni Lawrence Mendelsohn, aliyeandaa dabi ya namna hii kwenye uwanja mdogo wa Islip Speedway mwaka 1958. Alikuwa ameshang'amua kwamba mashabiki wa mbio hawaji hasa kuona nani anamaliza wa kwanza. Wanakuja kuona ajali. Basi akawapa ajali bila mbio. Wapo wanaodai kwamba maonyesho ya kilimo ya wilaya huko Marekani yalikuwa na mchezo huu hata kabla yake, na mimi sioni sababu ya kugombana nao. Kutazama vitu vikivunjika hakuhitaji mvumbuzi.

Kanuni zake ni chache. Vioo vyote vinatolewa. Tangi la mafuta linahamishwa kutoka chini ya gari na dogo zaidi linafungwa ndani, pale palipokuwa na kiti cha nyuma. Kugonga mlango wa dereva ni marufuku. Lazima umgonge mwenzako ndani ya muda uliowekwa, la sivyo unatolewa kwa woga. Ukishindwa, unavunja kijiti kilichofungwa mlangoni kwako, kila mtu anajua umekubali yaishe. Dereva mjanja anagonga kwa nyuma, kinyumenyume, ili kuilinda rejeta yake.

Mwanzoni uzuri wa mchezo ulikuwa usawa wake. Kila mmoja anakuja na mkweche uliokuwa unaelekea kwenye vyuma chakavu, na hakuna mwenye nacho. Lakini mkweche na mkweche si sawa. Magari makubwa ya Marekani ya enzi hizo yalikuwa na chasisi pekee na bodi pekee: mihimili miwili ya chuma inapita chini kutoka bampa hadi bampa, bodi inakaa juu yake kama jamvi juu ya kitanda. Ugomvi wote wa dabi ni ugomvi wa hiyo mihimili. Ikikunjika mbele, injini inarudi nyuma na feni inaitafuna rejeta. Ikipinda nyuma, matairi yanagusa bodi na hayazunguki tena. Hapo mchezo umekwisha.

Likatokea gari moja lililoharibu usawa kabisa: Chrysler Imperial ya mwaka 1964 hadi 1966. Chasisi yake ilikuwa nzito mno kiasi kwamba waandaaji wengi waliipiga marufuku. Fikiria hilo. Mchezo ambao lengo lake ni kubomoa magari unalikataa gari kwa kosa la kutobomoka.

Ukishajua kwamba chasisi ndiyo siri, na Imperial huruhusiwi, unafanya nini? Unaiba kidogo. Unachomelea viungo ambavyo kiwanda kilivipachika nukta nukta tu. Unaingiza bomba la chuma ndani ya mhimili. Unajaza zege, unapaka tope juu, unakuja uwanjani na sura ya mtoto wa madrasa. Wakaguzi nao wakajifunza. Wanatoboa mhimili kwa drili na kuchungulia ndani, siku hizi hata kwa kamera ndogo ya waya. Gari likishinda, linatobolewa tena kabla mtu hajapewa zawadi.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo ambalo mafundi wa dabi hawaachi kubishania: je, ukiujaza mhimili kimiminika, ukaziba kila tundu, halafu ukapampu presha? Maji hayabanwi, si ndiyo? Basi na mhimili hautabanwa.

Wazo hili lina ukoo mrefu. Blaise Pascal, Mfaransa aliyefariki mwaka 1662, aliacha andiko lililochapishwa mwaka uliofuata, akieleza kwamba presha unayoiweka kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote. Zaidi ya miaka mia baadaye, Joseph Bramah, fundi makufuli wa London, akaigeuza kanuni hiyo kuwa mashine na kupata hataza yake mwaka 1795: sukuma pistoni ndogo kwa mkono, pistoni kubwa ya upande wa pili inainua mzigo ambao watu kumi hawauwezi. Shida yake kubwa ilikuwa uvujaji. Anayesifiwa kuitatua ni kijana aliyekuwa akimfanyia kazi, Henry Maudslay, kwa kikombe cha ngozi ambacho presha yenyewe inakikaza ukutani: presha ikizidi, na kikombe kinazidi kuziba. Kila jeki ya mafuta unayoiona barabarani chini ya lori ni mjukuu wa kikombe kile.

Sasa turudi kwenye mhimili. Chukua wenye upana wa sentimita 10 na kimo cha sentimita 10, ujaze maji, upampu hadi baa 70. Huo si mzaha, tairi la gari dogo lina baa 2 na kitu, lakini kwa mambo ya haidroliki baa 70 ni ya kawaida tu. Kila sentimita ya mraba inasukumwa kwa uzito wa takriban kilo 71. Kwenye kizibo cha mwisho wa mhimili peke yake hiyo ni kama tani 7. Kwenye ubavu mmoja wenye urefu wa mita moja ni kama tani 71. Ubavu wenyewe ni bati la milimita chache, tena bapa, na bapa ndiyo sura mbaya kuliko zote kwa presha, ndiyo maana mitungi ya gesi haitengenezwi kama sanduku. Mhimili utavimba, utatafuta duara, na kabla haujalipata weldi itaachia. Na ukiponea hapo, akija mwenzako akakubonyeza ubavu, yale maji yasiyobanwa lazima yaende mahali. Ukiwa umeacha hewa kidogo ndani, umefunga chemchemi chini ya makalio yako.

Nayasema haya nikiwa na mkono wa mtu mmoja akilini. Pale gereji tulikuwa na pampu ya mkono yenye mpira mrefu na silinda, ya kunyooshea chasisi za daladala zilizopata ajali. Siku moja mpira ulitoboka, kitundu cha sindano. Fundi mdogo aliyekuwa ameushika alihisi kitu kama mdudu kamuuma kidoleni. Tukacheka, naye akacheka, akajifuta mafuta kwa tambara, akaendelea na kazi. Jioni mkono ulikuwa umevimba hadi kiwiko. Mafuta yalikuwa yameingia chini ya ngozi na kusafiri. Kidole hakikuokolewa. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na ni mimi niliyempa lile tambara.

Kwa hiyo mtu akiniambia chasisi yenye presha ni akili kubwa, mimi naangalia vidole vyake.

Lakini presha ya maji iliingia kwenye chasisi za dabi hata hivyo, na iliingia kihalali, kwa mlango ambao hakuna mkaguzi anayeulinda: kiwandani. Miaka ya 1950 kampuni ya Schaible ya Cincinnati ilikuwa na njia ya kuumba chuma kwa kimiminika, na ilitumika kutengeneza nini? Mabomba ya sinki za jikoni, yale yaliyopinda kama shingo ya bata. Njia iliyokuja kukua baadaye ni hii: unachukua bomba la chuma, unalipinda kidogo, unaliweka ndani ya kalibu ya vipande viwili, unaziba ncha zote, unasukuma maji ndani kwa presha ya mamia au hata maelfu ya baa. Bomba linavimba mpaka linakumbatia kila kona ya kalibu. Kinachozuia lisipasuke ni ile kalibu, inayoshikwa na mashine yenye nguvu ya maelfu ya tani. Hicho ndicho fundi wa uani hana. Maji yakishamaliza kazi yanamwagwa, na chuma kinabaki kigumu zaidi kwa kule kunyooshwa, kikiwa kipande kimoja pale ambapo zamani vingechomelewa vipande vingi. General Motors waliitumia kwa mihimili ya Corvette ya mwaka 1997. Mwaka 2003 Ford wakaitumia kwa mihimili ya mbele ya Crown Victoria.

Na Crown Victoria ndilo gari ambalo maelfu yake yalikuwa ya polisi na ya teksi, kisha yakachoka, kisha yakauzwa kwa bei ya chini, kisha yakaingia uwanjani. Mkaguzi atatoboa, atachungulia, hataona bomba wala zege. Ataona chasisi ya kiwandani. Tena kanuni za madaraja mengi zinasisitiza hivyo hivyo: chasisi ibaki kama ilivyotoka kiwandani.

Kuna sehemu moja inayonichekesha. Mwaka huo huo wa 2003 Ford waliweka fremu ndogo ya kubebea injini ya aluminiamu, nyepesi na safi. Mafundi wa dabi hawaipendi kwa sababu inapasuka ikipigwa. Wanaitoa na kufunga ile ya chuma ya Crown Victoria za miaka ya nyuma, huku mihimili iliyoumbwa kwa maji wakiiacha. Nikimwona mtu anachagua hivyo, namwona baba mdogo.

Linabaki suala la shingo. Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes-Benz, alipata hataza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa wazo lililowashangaza wengi: gari liwe gumu katikati tu, mbele na nyuma likunjike, ili kukunjika huko kule ule mshtuko kabla haujamfikia mtu. Mwaka 1959 Mercedes wakaanza kuuza gari la namna hiyo. Kumbe mchezo wa dabi, uliozaliwa Islip mwaka mmoja tu kabla, umekuwa ukitembea kinyume na Barényi tangu siku ya kwanza. Kila weldi ya ziada, kila bomba la kuficha, kila mhimili ulioumbwa vizuri zaidi, unachukua kazi iliyokuwa inafanywa na bati na kuihamishia kwa anayeshika usukani. Waandaaji wanalijua hili. Ndiyo maana wanafuatilia kofia ngumu na mikanda, na ndiyo maana yamerudi madaraja ambayo huruhusiwi kugusa chasisi kabisa, gari linaingia karibu kama lilivyoegeshwa nyumbani. Mwendo wenyewe ni mdogo, uwanja unamwagiwa maji uwe tope ili matairi yateleze. Asubuhi yake bado watu wanaamka hawawezi kugeuza kichwa.

Crown Victoria ya mwisho ilitoka kiwanda cha St. Thomas, Ontario, mwaka 2011, na kiwanda kikafungwa. Zilizobaki zinapungua kila msimu wa maonyesho, na sedani kubwa yenye chasisi ya namna ile Wamarekani hawatengenezi tena.

Juzi nilimwonyesha baba mdogo video ya dabi kwenye simu. Aliitazama mpaka mwisho bila kusema neno, kisha akairudisha nyuma hadi pale Crown Victoria nyeupe inapogongwa kona ya mbele na haipindi. Akaniuliza hiyo chasisi wameichomelea wapi. Nikamwambia haijachomelewa, imeumbwa kwa maji. Akanitazama kama nimemtania, akaomba miwani yake, akairudisha tena.