Semboja Alishuka, Wageni Wakapanda

Mgeni hamalizi siku mbili Lushoto kabla hajaulizwa: umeshafika Irente? Ni mwendo wa kilomita tano au sita kutoka mjini, njia inapinda kati ya mashamba ya kabeji na mahindi, halafu nchi inakatika. Mbele ya vidole vya miguu hakuna kitu. Karibu mita 1,000 chini yako limelala tambarare la rangi ya nyasi kavu, lenye mistari ya mkonge iliyonyooka, reli, barabara kuu iendayo Moshi, na mabati yanayometa jua likiyapiga. Mgeni hupiga picha akiwa amepanua mikono kama tai, hununua jibini na mkate katika shamba la Irente, kisha hurudi mjini kabla baridi haijaanza kuuma.

Mabati yale ni Mazinde. Kwa ramani za serikali jabali ni la Lushoto na kijiji ni cha Korogwe, na labda hiyo ni sababu mojawapo inayofanya vitu viwili vinavyotazamana kutwa nzima visisimuliwe pamoja. Kisa chao lakini ni kimoja. Miaka 150 iliyopita aliyetaka kukutana na wageni katika milima ya Usambara hakupanda Irente, alishuka Mazinde. Misafara ilipita kule chini, na kwa ajili yake mtoto wa mfalme aliacha baridi ya kwao akaenda kujenga ngome katika joto.

Ili kuona uzito wa uamuzi huo lazima kwanza tuingie katika maneno mawili ya Wasambaa. Shambaai ni nchi ya juu: migomba, mvua, ukungu, watu wanaofahamiana. Nyika ni kule chini: jua, miiba, homa, Wamasai na ng'ombe wao, na wanyama wakali. Msambaa wa zamani alishuka nyikani akiwa na shughuli, akaimaliza, akapanda. Hata mtoto aliyezaliwa Vuga, makao ya wafalme milimani, alijua kwamba uhai uko juu.

Hapo ndipo masimulizi ya ukoo wa kifalme wa Wakilindi yanaponifurahisha, kwa kuwa mwanzilishi wao alitokea nyikani. Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Ngulu. Inasimuliwa kwamba alizaliwa kigego, meno ya juu yakitangulia, na kwa nuksi hiyo ndugu zake wakamfukuza na kumnyima urithi. Akatangatanga na mbwa wake, akiua nguruwe mwitu waliokuwa wakifukua mashamba ya watu. Alipoingia Usambara, wenyeji walikuwa na ndizi tele na nyama haba. Yeye akatoa nyama, wao wakatoa chakula cha shamba, na kutokana na kubadilishana huko ukazaliwa utawala. Usiku mmoja, Mbegha akiwa njiani kwenda Vuga, simba alivamia mifugo naye akamuua. Watu wakamkalisha juu ya ngozi ya simba huyo, na tangu hapo mfalme wa Usambara akaitwa Simba Mwene. Wanahistoria huweka mambo haya katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Kama simba yule alikuwa simba kweli au ni pambo la wasimulizi, sioni haja ya kugombana. Lililo wazi ni kwamba dola yenye nguvu kuliko zote katika milima hii ilijieleza kwa hadithi ya mtu mmoja, mbwa wake na wanyama wa porini, na kwamba kugawa nyama kulihesabiwa kuwa kazi ya mfalme.

(Mbega pia ni yule kima mweusi mwenye joho jeupe anayeruka matawini katika msitu wa Magamba. Watalii hupenda sana kulinganisha majina hayo mawili. Mimi nayaacha yalivyo.)

Kitukuu wa ukoo huo, Kimweri ya Nyumbai, aliusogeza ufalme mpaka ukagusa pwani. Mmisionari Krapf alimkuta Vuga mwaka 1848 na akarudi tena 1852. Burton na Speke wakafika 1857. Wote hao iliwabidi wapande, kwa kuwa mfalme alikuwa juu na mgeni alimfuata alipo. Kimweri alipofariki mwaka 1862, kiti kikapewa mjukuu wake Shekulwavu. Hapo sasa anaingia Semboja.

Semboja alikuwa mtoto wa Kimweri aliyetawala Mazinde. Alikuwa ameng'amua jambo ambalo Vuga haikutaka kulisikia: mali imehama. Njia ya biashara kutoka Pangani ilifuata bonde la mto, ikapita chini ya milima kuelekea Upare, Uchaga na Umasai. Iliteremsha pembe za ndovu na watumwa, ikapandisha nguo, shanga, bunduki na baruti. Aliyekaa Vuga alipata kodi ya mbuzi na heshima ya mababu. Aliyekaa Mazinde alimwona kila mpagazi aliyepita na alichobeba kichwani. Semboja akavaa mavazi ya pwani, akaongea Kiswahili, akakusanya wapiganaji wa makabila mbalimbali, akajaza bunduki. Shekulwavu akafukuzwa, Wabondei wakaasi, na Usambara ikaingia katika vita vya ndugu kwa ndugu vilivyoendelea miaka mingi. Semboja alipopata ushindi hakupanda kukalia kiti cha Vuga. Alimweka mwanawe huko, yeye akabaki Mazinde.

Nimelisoma jambo hilo mara nyingi na bado linanishangaza. Hebu fikiria mtu anayeshinda vita vya kugombea Vuga halafu haitaki Vuga.

Bahati yetu ni kwamba jirani ya Semboja alikuwepo mtu wa kalamu. Abdallah bin Hemedi, mzaliwa wa Unguja, aliishi na kumtumikia mtawala huyo, na baadaye akaandika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa kwanza na wamisionari wa Magila. Kwa hiyo Mazinde ina deni ambalo miji mingi mikubwa haina: habari zake ziliandikwa mapema, tena kwa Kiswahili, na mtu aliyeyaona mengi kwa macho yake.

Pembe zile hazikuja zenyewe. Kila gogo la pembe lililopita Mazinde lilikuwa na ndovu aliyelala mahali fulani kati ya Mto Pangani na mbuga za Umasai, na mara nyingi mabegani mwa aliyelibeba hapakuwa na hiari. Ndiyo maana nasitasita ninaposikia watu wakisema biashara ya wanyamapori hapa kwetu ilianza na magari ya rangi ya kaki. Ilianza na mizani ya pembe, na mtoza ushuru wa kwanza tunayemfahamu vizuri upande huu alikuwa Semboja.

Msafiri wa aina mpya alikuja mwaka 1888. Hans Meyer wa Leipzig, akiwa na Oscar Baumann, alizunguka Usambara akiwa na nia ya kwenda Kilimanjaro. Hakuja kununua pembe wala kuhubiri. Alitaka kupanda mlima, kwa sababu mlima upo. Lakini pwani ililipuka nyuma yake. Vita vya Bushiri dhidi ya Wajerumani vilikuwa vimeanza, wapagazi wakatawanyika, na wasafiri wale wawili wakakamatwa na watu wa Bushiri, wakafungwa minyororo mpaka wakakombolewa kwa fedha. Mwaka uliofuata Meyer alirudi kwa njia nyingine, na mwezi wa Oktoba 1889 akafika kilele cha Kibo pamoja na Ludwig Purtscheller. Makampuni ya utalii ya Moshi husimulia kile kilele. Minyororo huwa hayaitaji, ingawa naiona ndiyo tangazo la kweli zaidi la utalii wa hatari.

Wajerumani nao walielewa kile alichokielewa Semboja. Kituo chao cha kijeshi cha mapema katika Usambara Magharibi walikijenga Mazinde, wakaandika Masinde katika ramani zao. Semboja alifariki mwaka 1895, na mwaka huohuo wakamnyonga mwanawe Mputa. Kisha wakafanya kinyume cha Semboja: walichoshwa na joto na homa, wakapanda. Makao ya wilaya yakahamia kwenye bonde lenye baridi walilolibatiza Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo. Mazinde ikabaki na reli.

Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji iliyotenga hifadhi za kwanza za wanyama katika koloni na kudai kibali cha kulipia. Ukoo uliopata ufalme kwa kugawa nyama ya nguruwe mwitu ukajikuta chini ya serikali inayouza ruhusa ya kuwinda. Sina hakika kama kuna aliyecheka siku ile pale Vuga.

Reli iliyoanza Tanga mwaka 1893 ilitambaa polepole mno, ikafika Mombo 1905, ikapita Mazinde, ikafunguliwa hadi Moshi mwaka 1912. Pamoja nayo ukaja mkonge, mmea ambao Richard Hindorf aliuleta Pangani mwaka 1893: miche 1,000 ikasafiri kutoka Florida, ikapona 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 tambarare lote chini ya jabali likageuka kuwa mistari. Kwa nusu karne iliyofuata, anayetaja Mazinde alitaja shamba la mkonge, manamba, makambi, na harufu ya majani yanayosagwa.

Jirani na hapo, Mkumbara, palikuwa na kioja ambacho leo kingeuzwa kwa dola. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, kampuni ya Wilkins na Wiese ilitundika waya mnene wa chuma juu ya nguzo kutoka misitu ya Shume hadi kituo cha reli, na kwa waya huo magogo ya mwerezi yakateremka juu ya mabonde yakining'inia hewani, zaidi ya mita elfu moja kwenda chini. Nimewaza mara nyingi kwamba kama waya ule ungedumu, leo watu wangepanga foleni Mkumbara wakiwa wamevaa kofia ngumu. Ulikufa pamoja na utawala ulioujenga. Mwerezi mkubwa nao ulikuwa umeshapungua.

Wanyama wakubwa walibaki upande wa pili wa milima, katika nyika inayoungana na Tsavo ya Kenya. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliitenga kuwa pori la akiba la Mkomazi, jina ambalo Wapare hulifafanua kuwa kijiko cha maji, kwa jinsi maji yalivyo machache. Majangili walimaliza faru wote. Mwaka 1988 wafugaji wakaondolewa pamoja na ng'ombe wao. Walikwenda mahakamani kudai nchi yao, na mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ikakataa kuwarudisha. Wakati kesi ikiendelea, mwaka 1997, faru weusi waliletwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini, wakawekwa ndani ya uzio chini ya uangalizi wa Tony Fitzjohn, aliyewahi kuwa msaidizi wa George Adamson. Mbwa mwitu nao walizalishwa wakaachiwa porini. Mwaka 2006 uamuzi wa kuifanya hifadhi ya taifa ukapitishwa, na leo Mkomazi ina kilomita za mraba 3,245. Mgeni huona choroa, swala twiga na tembo wanaovuka mpaka bila pasi, na faru waliorudi nyumbani. Wafugaji huiona hesabu hiyo kwa jicho jingine, na sidhani kama kuna bango la langoni linaloweza kuwabembeleza.

Lango kuu la hifadhi liko karibu na mji wa Same, kwa hiyo magari yanayotoka Dar es Salaam huipita Mazinde kwa kasi yakielekea huko. Wale wasiotaka kutalii kwa gari hukata kulia Mombo, wakapanda kona za Soni hadi Lushoto. Huko tangu miaka ya 1990 vijana wa mji wamejifunza kuuza mwendo wa miguu: siku moja Magamba, siku kadhaa hadi Mtae. Msitu wa Magamba, uliotangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2010, hauna simba. Una mbega, kima, na ndege wapatikanao milima hii tu. Una pia kinyonga mwenye pembe mbili puani, ambaye kiongozi mzuri humwona usiku kwa tochi wakati wewe unaona majani matupu. Kwangu mimi kiongozi huyo ndiye mrithi wa Mbegha: mtu anayekula kwa kujua mnyama yuko wapi. Tofauti ni kwamba siku hizi mnyama huachwa tawini.

Mazinde yenyewe imeacha jina lake lipande. Ukitaja Mazinde mbele ya wazazi wengi nchini, watafikiria Mazinde Juu, sekondari ya wasichana ya Mtakatifu Maria iliyoanzishwa na padri Mbenediktini Damian Milliken mwaka 1989 huko milimani, penye ukungu.

Chini, mkonge bado upo. Treni ya abiria iliyokuwa imetoweka miaka mingi ilirudi Moshi mwishoni mwa 2019, ikipita palepale walipopita wapagazi wa Pangani. Mabasi ndiyo mengi zaidi. Kondakta akishapita Mombo husimama mlangoni, akatupa jicho upande wa jabali, akapaza sauti kwa desturi tu: "Mazinde, kuna wa kushuka?" Mara nyingi kimya. Siku nyingine bibi mmoja mwenye ndoo ya peasi alizonunua Mombo huinuka, akashika kiti, akajibu, "Shusha!"