Kipindupindu cha Kagunga, 2015

Mwezi Mei 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikwama Kagunga, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika kilichobanwa na milima. Maji ya kunywa yalichotwa ziwani, humohumo watu walimooga. Kipindupindu kikalipuka.

Sheria ya Afya ya Jamii ya Mwaka 2009 inaruhusu kumtenga mgonjwa wa maambukizi; haimnyimi hifadhi anayoipata kwa Sheria ya Wakimbizi ya Mwaka 1998. Wagonjwa walitibiwa, na MV Liemba, meli ya kubeba abiria wapatao 600 kwa safari, ikawavusha wakimbizi hadi Kigoma, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Hadi Mei 22 walikuwa wamefariki watu 31, wawili kati yao Watanzania.