Inavuma, lakini je, ni kweli?

Upepo huvuma, bahari huvuma, nyuki nao huvuma. Kutokana na kitenzi hicho wazee walipata jina uvumi: habari inayosikika kote, lakini mwenyewe hajulikani.

Siku hizi tunaletewa “habari zinazovuma mitandaoni”, kana kwamba kuvuma ni sifa ya habari. Kitenzi hiki hupima ukubwa wa sauti tu. Juu ya ukweli wa kinachosikika, hakisemi lolote.

Machi 2020, Korona ilipoingia Kenya, ilivuma kwamba mtoto mchanga amezaliwa akanena: dawa ni chai ya rangi, strungi. Watu wakaamshana usiku kwa simu, maji yakachemshwa. Siwalaumu. Kila aliyepiga simu aliwawazia ndugu zake, na taarifa zilikuwa nyingi mno kiasi kwamba sauti ya shangazi ndiyo iliyobaki ikiaminika. Mwezi uliofuata WhatsApp ikaweka kizuizi: ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi upelekwe kwa mtu mmoja, au kundi moja, kwa wakati mmoja.

Tuna methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Naihofia sana katika zama hizi, maana humpa msambazaji ruhusa asiyostahili.

Wahariri, nawaomba: mkiandika “inavuma”, mwambieni msomaji papo hapo kama imethibitishwa, na nani kaithibitisha. Kama bado, iandikeni kwa jina lake, uvumi.