Ramani za Kale na Kabati la Kuzitunzia

Zamani wataalamu wa Ulaya walibishana sana juu ya mto wetu Rusizi: je, waingia katika ziwa Tanganyika, au watoka humo kwenda kuwa chanzo cha Nili? Mwaka 1856 ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann ilionyesha ziwa moja kubwa mno, kana kwamba maziwa yote ya bara ni moja. Aprili 1858 Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi. Wenyeji wakawaambia kwamba Rusizi waingia ziwani. Lakini wageni hao walirudi bila kuuona mto wenyewe, na ubishi ukaendelea. Novemba 1871 Livingstone na Stanley waliona kwa macho yao: maji yaingia. Basi wazee wetu walikuwa wamesema kweli.

Twayajua hayo kwa sababu ramani zilitunzwa, hata zile zenye makosa. Ramani iliyokosea haitupwi, kwani yaonyesha njia ambayo elimu imepitia.

Nasi wa Mulongwe twaujua adui wa karatasi. Aprili 2020 mto wetu ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba. Mwaka 2024 ziwa lenyewe likapanda mpaka majumbani. Kwa hiyo, shule au parokia yenye ramani ichague kabati kwa akili.

Kabati la mbao hupendwa na mchwa, tena mbao hutoa asidi inayogeuza karatasi kuwa ya manjano. Chuma chafaa zaidi, mradi kimepakwa rangi iliyokaushwa kwa moto, kisishike kutu. Droo ziwe pana, ramani ilale bila kukunjwa, maana hupasuka penye mkunjo. Kina cha sentimeta 5 chatosha, zisirundikane. Kabati lisimame juu ya miguu ya sentimeta 10 au 15, mbali na bomba la maji na paa linalovuja. Penye mafuriko liwekwe ghorofani, ikiwa sakafu yaweza kuubeba uzito wake. Tena lifungwe ukutani, lisije likamwangukia mtu droo zikifunguliwa pamoja.

Mwisho, nakala iwekwe mahali pengine. Nyumba ikichukuliwa na maji hujengwa nyingine. Ramani iliyo moja tu ikipotea, ushuhuda wa wazee umepotea nayo.