Kabla ya KEFRI: Safari ya Utafiti wa Misitu kutoka Amani hadi Muguga

Mwaka 2026 Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, inatimiza miaka 40. Hiyo ni hesabu ya jina tu. Kazi yenyewe ilianza Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Waingereza walikirithi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na ni Amani hiyo hiyo mtaalamu wa mimea P. J. Greenway alikotoa kamusi yake ya majina ya mimea ya Kiswahili, kitabu ambacho hakingepatikana bila maarifa ya wenyeji waliozijua mboga, dawa na miti yao.

Mwaka 1948 ikaundwa EAAFRO, shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki nzima, na kazi ikahamia Muguga, nje kidogo ya Nairobi.

Hapo likaulizwa swali zito: msitu ukifyekwa, mto unakuwaje? Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti walipima mvua na maji ya vijito, mwaka baada ya mwaka, katika nchi tatu. Kericho msitu ulipisha chai. Kimakia, kwenye milima ya Aberdare, mianzi ilipisha misonobari. Mbeya walilinganisha bonde lenye msitu na bonde lililolimwa. Atumatak, Karamoja, wakapima ardhi iliyochoshwa na mifugo.

Majibu hayakumpendeza kila mtu. Mbeya, kijito cha bonde lililolimwa kilitoa maji mengi zaidi, hata kiangazi, kwa sababu miti yenye mizizi mirefu hunywa maji mengi na udongo wa majivu ya volkano wa pale hufyonza mvua upesi. Karamoja hali ilikuwa kinyume: ardhi tupu iliyokanyagwa iliachia mvua ikimbie na udongo wake. Kuyachapisha yote mawili, bila kuficha lile lisilowafaa watetezi wa misitu, ndiyo heshima kubwa ya Muguga.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na EAAFRO ikaenda nayo. Kenya ilibaki na Muguga, na mwaka 1986 KEFRI ikazaliwa.

Taasisi hiyo changa ilielekea kwenye ukame. Kwa ushirikiano na Japani, ilifungua kazi kubwa Kitui na kuendesha mafunzo ya misitu ya jamii, yaliyohudhuriwa pia na wataalamu wa nchi nyingine za Afrika. Mti uliowashughulisha sana ni mukau, wenye mbao ngumu ambazo mchwa hawaziwezi. Shida ilikuwa mbegu. Imefungwa ndani ya kokwa gumu, na wakulima walizoea kuokota makokwa kwenye mazizi ya mbuzi waliokula matunda yake. Kitaluni kokwa hupasuliwa kwa kisu na nyundo, mbegu hukatwa ncha, huloweshwa usiku kucha, ganda lake huchanwa kwa wembe, kisha hupandwa kwenye mchanga safi. Mkono ukiteleza, mbegu imeharibika.

Baadaye watafiti walizunguka nyanda kame wakichagua mikau iliyonyooka na kunenepa kuliko mingine, wakaanzisha mashamba ya mbegu Kitui na Kibwezi. Mbegu za mashamba hayo ndizo zinazooteshwa leo kuwa miche ya wakulima wa nyanda hizo.