MABANZI YALIVYOTUSITIRI



Kikundi kinatimiza miaka kumi na nimeombwa niandike historia. Nimeona nianze na mabanzi, maana wengi wetu hapa Mufindi tulianzia maisha ndani ya nyumba za mabanzi.

Msitu wa Sao Hill ulianza kwa majaribio mwaka 1939. Upandaji mkubwa wa misindano na mikaratusi ukaja baadaye, miaka ya 1960 na 1970. Miti ilipokomaa vikaja viwanda vya mbao, halafu zile mashine ndogo tunazoziita dingidongi. Sasa, gogo ni la mviringo na ubao una pande nne. Lazima pande za nje zikatwe kwanza, zikiwa na magamba yake. Hilo ndilo banzi. Kwa mwenye mashine ni takataka. Kwa mama asiye na fedha ya tofali, huo ni ukuta.

Lakini banzi lina masharti yake. Linatoka nje ya mti, sehemu ambayo ni laini na huliwa upesi na mchwa. Ukilichimbia ardhini bichi na magamba yake, halidumu. Fundi mzuri hulibandua magamba, hulikausha, halipaki oili chafu mpaka likauke, na hujenga msingi wa mawe ili mbao zisiguse udongo. Nguzo na kenchi huwa za miti mizima au mbao, maana ndizo zinazobeba paa. Banzi nene likipigiliwa mshazari huzuia ukuta usiyumbe. Na jiko huwekwa kando, kwa sababu msindano una utomvu na hushika moto haraka.

Mabanzi yalikuwa rahisi, ila misumari na bati haviokotwi. Mikopo yetu mingi ya mwanzo iliishia huko. Baadaye wenzetu wakakopa ya tofali, na mabanzi ya zamani yakawa jiko, banda la kuku na ua. Hakuna kilichotupwa.

Siku hizi mabanzi nayo yanagombaniwa, hata kwa kuchomea tofali. Basi mwanachama mpya akija kuomba mkopo wa mabanzi na misumari, jamani, asichekwe. Apewe, na tumshauri aanze na msingi. Sisi nasi tulianzia hapo.

Mwenyekiti